"Sawa" Haikuwa "Ndiyo"

Mpaka leo mtu akiniambia "mashine ilikosea," damu inanipanda kichwani. Mashine haikukosea. Ilisoma ilichoandikiwa, ikafanya ilichosoma. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyeandika, na ninajua nani aliyekata nilichoandika, na niliuona kwa macho yangu mpunga ulioungua kwa sababu ya mkato ule.

Wakati huo, kama sasa, nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la pembejeo mjini Ifakara. Tuliuza mbegu, mbolea, dawa za mimea, dawa za mifugo na mabomba ya kupulizia. Nilikuwa nimesoma stashahada ya kilimo, nikazunguka vijiji vya bonde kwa muda kama mtaalamu wa kujitolea, na mkataba ulipokwisha nikaajiriwa pale dukani kuwashauri wateja. Wateja wetu walitoka kila upande: wakulima wa mpunga wa Idete, wafugaji wa Kisukuma walioshuka na ng'ombe wao mpaka Malinyi, na wengine wa mbali kabisa kule Masagati, ambako mzigo unashushwa Mlimba kwanza halafu ndipo unatafutiwa pikipiki. Mvua zikishakolea, kuja Ifakara kutoka huko si safari ya kuamua asubuhi. Kwa hiyo wenye duka walipoanzisha oda za mtandaoni, mimi nilikuwa wa kwanza kufurahi. Niliwaza wale akina mama waliokuwa wakifika dukani wamelowa mpaka kiunoni kwa ajili ya chupa moja ya dawa.

Utaratibu wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Mteja anatuma ujumbe kwa simu, anajibiwa na wakala wa akili unde, yaani programu inayosoma Kiswahili na kujibu kwa Kiswahili kama mtu. Mzigo analipia ukimfikia. Lakini maneno peke yake hayapeleki mzigo. Ili wakala afanye jambo lolote, alipewa zana: ya kutafuta bidhaa, ya kuweka oda, ya kufuta oda. Kila zana ina maelezo yake, mistari ambayo mteja haioni, inayomwambia wakala zana hii inafanya nini, aitumie lini na asiitumie lini. Wakala hajawahi kukanyaga Ifakara. Hajawahi kung'oa ndago shambani. Kuhusu duka letu alijua yale tu yaliyoandikwa kwenye maelezo.

Mhandisi aliyetengeneza mfumo alikuwa Dar es Salaam, mtu mzima, mpole, tukizungumza kwa simu. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba maelezo yaandikwe na mtu anayewajua wateja, ndipo meneja wetu akanipa mimi kazi hiyo.

"Dada, usiniandikie kama tangazo la redio," mhandisi aliniambia. "Andika kama unamwachia duka mgeni mwenye bidii sana, ambaye hatauliza swali lolote kama hujamwambia aulize."

Niliipenda kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nilikaa nyuma ya ghala, kati ya viroba vya mbolea, nikasoma ujumbe ambao wateja walikuwa wametutumia miaka yote kabla ya mfumo. Hapo ndipo nilipoanza kuona jinsi watu wetu wanavyoongea. Mfugaji akiandika "nataka dawa ya kupe," mara nyingi anauliza kama ipo, na ukimjibu atakuuliza bei, kisha atakwenda kushauriana na kaka yake. Mkulima akiandika "nitakuambia," amekataa kwa heshima. Na lile neno "sawa" lilikuwa kila mahali. Sawa, nimesikia. Sawa, asante kwa kunijibu. Sawa, kwaheri. Katika mia ya sawa zile, chache mno zilikuwa na maana ya "nitumie."

Basi nikaandika hivyo. Kwenye zana ya kuweka oda niliandika: "Zana hii inatuma mzigo kweli, ikishatumika, dereva anapewa kifurushi. Usiitumie kwa sababu mteja amesema 'sawa', 'haya', 'nimekuelewa' au 'asante'. Huko ni kuitikia, si kuagiza. Mtajie jina la bidhaa, kazi yake na mahali itakaposhushwa, kisha muulize: 'Nikutumie?' Itumie akijibu kwamba atumiwe. Akisema 'ngoja' au akinyamaza, usiitumie."

Kwenye zana ya kutafuta bidhaa nilikaa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapo palikuwa na hatari niliyoijua. Wakulima wetu wana neno moja, "dawa ya majani," kwa vitu viwili tofauti. Ipo dawa inayoua majani ikauacha mpunga. Ipo nyingine ya kusafishia shamba kabla ya kupanda, na hiyo haibagui; chochote cha kijani ikikigusa inakiunguza. Dukani mtu akisema "dawa ya majani," swali la kwanza tunalomuuliza ni "mpunga umeshaota?" Kwa hiyo niliandika: "Zana hii inatafuta jina tu, haijui hali ya shamba la mteja. Neno 'dawa ya majani' linaleta dawa za aina mbili zenye kazi tofauti. Kabla ya kumtajia mteja hata moja, muulize kama zao limeshaota. Likiwa limeota, usimpe dawa ya kusafishia shamba. Usipopata jibu linaloeleweka, mwunganishe na mtaalamu wa duka."

Mhandisi alijaribu mfumo akijifanya mkulima, akijifanya mfugaji, akijifanya mzee asiyejua anachotaka. Wakala aliuliza pale alipotakiwa kuuliza na akasubiri pale alipotakiwa kusubiri. Mhandisi akanipigia akicheka kwa furaha. "Dada, umeandika Kiswahili ambacho hata mimi ningekitii."

Kisha meneja akaenda kwenye kikao na wenye duka, na aliporudi aliniita ofisini.

Sitaki kumfanya kuwa shetani. Alikuwa mtu wa kawaida, mchapakazi, mwenye kuogopa waliomweka kwenye kiti. Lakini kuogopa kwake kulimgharimu mtu mwingine, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa amefungua maelezo yangu kwenye kompyuta, na karibu yote alikuwa ameyapitishia rangi nyekundu.

"Dada, haya ni marefu," alisema. "Wakala anayasoma upya kila mteja anapoandika, na kila neno linalipiwa. Halafu haya maswali! Wakubwa wanataka oda ya haraka. Mteja ukimuuliza maswali anaondoka."

"Bosi, mteja wa mpunga usipomuuliza anapoteza shamba."

"Hiyo ni akili unde. Itajua yenyewe."

Itajua yenyewe. Nimelisikia neno hilo mara nyingi tangu siku ile, midomoni mwa watu waliosoma, waliovaa mashati safi, na kila mara natamani kumuuliza anayelisema: wewe ulipoajiriwa hapa, ulijua mwenyewe? Hukuonyeshwa dawa ipi ni sumu kwa samaki? Hukuambiwa mzigo wa Masagati hauendi na basi la Malinyi? Mbona wewe ulifundishwa, na huyu ambaye hajawahi kuiona mvua unataka ajue mwenyewe?

Nilimweleza yote hayo kwa upole, kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu. Nikamwomba basi aache mistari miwili tu, ule wa "sawa" na ule wa mpunga kuota. Alisema atafikiria. Siku iliyofuata nikaona maelezo mapya kwenye mfumo. Zana ya kutafuta: "Tafuta bidhaa kwa jina." Zana ya kuweka oda: "Weka oda. Tumia mteja akikubali." Basi. Nilimwandikia ujumbe mrefu kumwonya. Akanijibu kwa picha ya dole gumba.

Mhandisi naye nilimpigia. Akasema, "Niliwaambia, dada. Nimewaandikia kabisa. Lakini mfumo ni wao."

Mvua zikaja, na majani yakaja na mvua kama kawaida. Oda zikaongezeka. Meneja alikuwa akipita dukani akipiga mluzi. Mimi nilikuwa kaunta nikihudumia waliofika kwa miguu, na kila nilipokuwa natoa chupa ya dawa nilikuwa nauliza swali lile lile ambalo wakala hakuambiwa tena aulize.

Mama yule alifika asubuhi. Alikuwa mkulima wa Idete, mjane, mteja wetu wa miaka mingi. Nilimfahamu tangu nilipokuwa nazunguka vijijini, na mara kadhaa nilishapulizia shamba lake pamoja naye nikimwonyesha jinsi ya kushika bomba. Aliteremka kwenye pikipiki, kanga zake zimetapakaa tope, mkononi ana kiroba. Nikamsalimia.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Katika miaka yote ile hakuwahi kuacha shikamoo yangu hewani. Alifungua kiroba, akakigeuza juu ya kaunta. Ikamwagika miche ya mpunga, imekauka, rangi ya nyasi za kiangazi, mizizi bado ina udongo mweusi.

"Nilikuwa na majani kwenye mpunga," alisema. "Nikawaandikia ninyi. Haya ndiyo mliyonitumia."

Kisha akatoa chupa. Sikuhitaji kusoma jina. Ilikuwa dawa ya kusafishia shamba.

Niliomba simu yake nikasoma mazungumzo yote nikiwa nimesimama. Mama aliandika: "Habari za kazi. Nina majani kwenye mpunga, je dawa ya majani mnayo?" Wakala akajibu kwamba ipo, akaitaja ile iliyokuwa ya kwanza kwenye utafutaji, akaongeza kwamba inafanya kazi vizuri sana dhidi ya majani ya aina zote. Mama akajibu: "Sawa." Na papo hapo: "Asante kwa kuagiza! Mzigo wako unakuja Idete." Mama alisema mzigo ulipofika aliona jina la duka letu juu ya kifurushi, akajua ni sisi, watu wake, tumemchagulia.

"Mama, si uliandika kwamba mpunga umeshaota?" nilijikuta nasema, sijui hata nilikuwa namuuliza nani.

"Niliandika. Soma hapo. Majani kwenye mpunga. Sasa mpunga ambao haujaota unapata wapi majani ndani yake?"

Wateja wengine walikuwa wamesogea kusikiliza. Meneja akatoka ofisini kwa kusikia sauti. Alimsalimia mama, akaichukua simu, akasoma. Nikamwona usoni kwamba ameelewa kilichotokea. Ningemsamehe hapo hapo kama angesema pole akaishia hapo. Lakini alichosema ni hiki:

"Mama, pole kwa yaliyokupata, lakini hapa inaonyesha ulikubali. Uliandika sawa."

Mama alimtazama kwa muda kama mtu anayetazama mtoto wa jirani aliyetukana mbele ya wazazi.

"Sawa ni kuitikia," alisema polepole. "Mtu kanijibu, nami nimemjibu. Ulitaka ninyamaze kama sikulelewa? Wewe mkeo akikwambia nyumbani hakuna chumvi, ukasema sawa, umeagiza nini?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajikatiza. Meneja akaanza maneno ya mfumo, na kumbukumbu za mfumo, na masharti ya huduma. Hapo mimi nikashindwa. Nilipaza sauti ambayo sikuwahi kuitumia kazini, mbele ya wateja, mbele ya wapakiaji, mbele ya mtu aliyekuwa akiniandikia mshahara.

"Mistari ilikuwepo, bosi! Niliandika asiagize mtu akisema sawa. Niliandika amuulize mpunga umeota au la. Umeikata kwa mkono wako ukaniambia itajua yenyewe. Haya, mwambie mama imejua nini!"

Aliniambia niingie ofisini. Nikamwambia ninakwenda Idete kuona shamba, na kama ni kunifukuza atanifukuza nikirudi. Nikapanda pikipiki ile ile iliyomleta mama, yeye katikati, mimi nyuma.

Njiani tope lilikuwa zito, mara mbili tulishuka tukasukuma. Majaruba ya watu kulia na kushoto yalikuwa ya kijani ile inayoumiza macho, maji yanang'aa kati ya miche. Tulipofika kwake sikuhitaji kuonyeshwa. Shamba lake lilikuwa limekatika rangi kwenye mpaka na jirani, kama mtu aliyepiga mstari. Upande huu uhai, upande ule manjano na kahawia. Alikuwa amepulizia vizuri, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Hakuruka sehemu. Alifuata kila nilichomfundisha: kutembea mwendo mmoja, kushusha bomba, kutopulizia upepo ukivuma. Ufundi wake wote ulikuwa umetumika kuua mpunga wake kwa uangalifu.

Majirani walikuja, wakasimama kwenye matuta. Mzee mmoja akauliza kama mimi ndiye wa duka. Mama akajibu kabla yangu.

"Huyu ndiye aliyeifundisha ile mashine kuongea."

Nilitaka kujitetea. Nikamwambia, "Mama, niliandika vizuri. Waliyakata maneno yangu."

"Mwanangu," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa imechoka tu, "nikipika hayo maneno uliyoandika, watashiba nani?"

Nilikaa kwenye tuta nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilikuwa nimemkasirikia meneja, nimewakasirikia wenye duka ambao sikuwahi kuwaona, nimekasirikia lile dole gumba. Nilijikasirikia hata mimi kwa kudhani kwamba kuandika ujumbe wa kuonya kunatosha, kwamba mtu akishaonya amemaliza kazi.

Niliporudi mjini jioni, sikufukuzwa. Nilipewa kazi. Meneja alikuwa ameshazungumza na wenye duka, na walikuwa wamefikia uamuzi: niongeze mstari kwenye maelezo ya wakala, kwamba mteja akilalamika kuhusu dawa aambiwe kwa lugha ya heshima kwamba aliithibitisha oda mwenyewe, na kwamba ni wajibu wa mteja kusoma lebo.

"Wewe una Kiswahili kizuri," alisema. "Kiandike kwa namna ambayo mtu hataumia."

Nadhani hiyo ndiyo sentensi iliyonikasirisha kuliko zote maishani mwangu. Kiswahili changu kilikuwa kirefu mno kumwokoa mama yule, lakini sasa kilifaa kumwambia kwamba ni kosa lake. Lebo yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za mchicha.

"Hiyo sitaiandika," nilimwambia.

"Basi ataandika mwingine."

"Aandike. Lakini mimi nitakwenda ofisi ya kilimo, na nitakwenda na ile chupa, na miche, na maelezo yote mawili, ya kwanza na ya pili."

Alinitazama kuona kama natania. Sikuwa natania.

Kesho yake, kabla ya kwenda ofisi ya kilimo, nilimpigia mhandisi nikamweleza kila kitu. Alikasirika kwa namna yake ya upole, yaani alianza kuongea haraka. Alisema jambo ambalo sikulijua: mazungumzo yote yalihifadhiwa, na angeweza kumpa wakala ujumbe ule ule wa wateja mara mbili, safari moja kwa maelezo mafupi, safari nyingine kwa maelezo yangu, bila kutuma mzigo wowote. Akafanya hivyo. Kisha akaniomba nisubiri, sote watatu tuzungumze kwanza, akiwa kwenye spika ya simu juu ya meza ya meneja.

Alitusomea. Ujumbe wa mama wa Idete, kwa maelezo mafupi: oda imewekwa. Ujumbe ule ule, kwa maelezo yangu: "Pole kwa majani. Nikuulize kwanza, mpunga wako umeshaota? Kwa sababu zipo dawa mbili tofauti." Akasoma wa mfugaji wa Malinyi aliyeuliza dawa ya kupe akasema "haya, nimekuelewa," akatumiwa mzigo ambao aliukataa stendi, na dereva akarudi nao akiwa ametukanwa. Akasoma mwingine, na mwingine. Kulikuwa na mtu wa Masagati aliyesema "asante sana kaka" akaletewa bomba la pili. Tulikuwa tumewaona hao wote kama wateja wasumbufu. Dereva alikuwa amelalamika kwa wiki kadhaa kwamba watu wa vijijini hawajui wanachotaka. Walikuwa wanajua. Sisi ndio tulioandika "akikubali" bila kumweleza wakala kukubali kwa watu wetu kunasikikaje.

"Wakala hana ubaya wala akili ya kubahatisha zaidi ya hapo," sauti ya mhandisi ilisema kutoka kwenye simu. "Ukimwambia neno moja, atalitumia hilo moja. Ukitaka aulize, andika aulize."

Meneja aliweka viganja usoni. Nilisubiri aseme kitu. Akasema, "Wakubwa hawatapenda." Tu. Si "tumemtia mama wa watu njaa," si "nilikosea." Wakubwa hawatapenda.

Kilichowafanya wakubwa wapende ni Idete yenyewe. Habari za mpunga ule zilikwenda kwa miguu haraka kuliko ujumbe wowote wa simu. Watu waliacha kuagiza. Walianza kumwandikia wakala maneno ya kumtania: "Tunataka dawa ya kuua duka." Wengine waliokuja mjini walipita mbele ya mlango wetu wakaenda kununua kwa mshindani wetu wa kando ya soko, na walihakikisha tunawaona. Ndipo maelezo yangu yakarudishwa, yote, pamoja na mistari ambayo niliiongeza baada ya kusoma mazungumzo yale. Niliongeza pia kwenye zana ya kufuta oda kwamba haifuti mzigo uliokwishapakiwa, inaomba tu usimamishwe, na wakala asimwambie mtu "imefutwa" kabla ya kupata jibu la dereva. Safari hii hakuna aliyelalamika kuhusu urefu, ule mstari wa lebo hakuna aliyeutaja tena, na safari yangu ya ofisi ya kilimo ikaishia hapo.

Mama walimpelekea mbegu ya muda mfupi na mbolea. Kwenye karatasi ya kupokelea waliandika "msaada kwa mteja." Msaada! Umemvunjia mtu nyumba, unampelekea miti, unaiita sadaka. Nilimwambia asitie sahihi mpaka neno lile libadilishwe, na meneja akalibadilisha akiwa amenuna. Mbegu zile zilisaidia kidogo, kwa kuwa msimu ulikuwa umeshasogea. Kilichomwokoa zaidi ni majirani. Kila aliyebakiwa na miche kitaluni alimpa, na walikuja kumsaidia kupandikiza, wakiongea Kindamba, lugha ya kwao, na kucheka na kututukana sisi wa mjini, nami nikiwa pale pale nimeinama majini, nikipandikiza na kutukanwa.

Miezi michache baadaye wenye duka walifanya mkutano wa wauzaji wa mikoa mingine, na meneja alisimama kuelezea mfumo. Alisema mfumo wetu "unaelewa Kiswahili cha mkulima." Alisema tumejifunza kwamba maelezo ya wazi ni msingi wa biashara. Akasoma kwa sauti ule mstari wa "sawa," mstari wangu, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma. Hakutaja Idete. Niliinua mkono wakati wa maswali, nikasimama, nikasimulia yote, chupa, miche, mkato na dole gumba, mpaka mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja kutoka mkoa mwingine alinifuata nje akaniambia kwamba kwao wametumia maelezo mafupi vilevile, na akaniomba nimtumie yangu. Nilimtumia kabla hajapanda basi.

Baada ya mkutano ule meneja hakunisalimia kwa muda mrefu. Bado nafanya kazi pale. Watu huniuliza kwa nini sikuacha, na jibu langu si la kishujaa: nikiondoka, atakuja mwingine kukata.

Wakati wa mavuno nilikwenda Idete siku ya Jumapili, bila kuitwa. Mpunga wa mama ulikuwa umekomaa kwa mafungu, huku mbivu, huku bado kijani, kwa sababu miche ilitoka kwenye vitalu vya watu tofauti. Haukuwa mwingi. Nilisimama kwenye tuta nikamwamkia, naye safari hii akaitikia, "Marahaba," ingawa hakuinua kichwa.

"Nimekuja kusaidia, mama."

"Viatu hivyo utaviharibu."

Nilivivua. Alinyoosha mkono akanipa mundu, akanionyesha sehemu ya kuanzia, upande wa mbali, ambako jua lilikuwa kali na hapakuwa na mtu wa kuongea naye.